Kwa nini video ikikonvatiwa inajaa maboksi, na unayapunguzaje

Wakuu, huku Dodoma kwa watu wa video za harusi na vijana wa kuingiza muvi kwenye flashi kuna imani imekaa sana, kwamba video ikitolewa kwenye CD ikapelekwa MP4 "inapasuka" kwa sababu programu ni mbovu au kompyuta haina nguvu. Hapana. Mara nyingi yale maboksi, ile miraba miraba kwenye picha, yalikuwemo tangu siku CD inachomwa, sema kipindi hicho mlikuwa mnaangalia kwenye tivii ya chogo ya inchi 21, kioo chenyewe kinalainisha kila kitu, umekaa mita tatu nyuma na soda yako mkononi, nani angeyaona. Leo faili ileile unaitupia kwenye flati ya inchi 43. Ukikonvati unayachukua maboksi ya zamani, unayahesabu kuwa ni sehemu ya picha, halafu unaongeza mapya juu yake. Hapo kwenye kuyahesabu kuwa ni sehemu ya picha ndo penye mchezo wote, na ukipaelewa hapo hizi setingi zingine zinajieleza zenyewe.

Kwanza yanatoka wapi. Kodeki (kanuni ya kubana na kufungua video) inapobana inaikata kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, vipande vipande. Kwenye MPEG-1, ambayo ndo ya VCD (zile CD za video), na MPEG-2 ya DVD, kipande kimoja ni pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8, jumla 64, na kila kipande kinapigiwa hesabu chenyewe bila kumuuliza jirani yake. Hesabu hiyo inaitwa DCT, wazo lilitoka kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa anafundisha Kansas State huko Marekani, alilitoa mwaka 1972 na maandishi yake pamoja na Natarajan na Rao yakachapishwa 1974. DCT inachukua zile pikseli 64 inazigeuza namba 64 za aina nyingine: ya kwanza inabeba wastani wa mwanga wa kipande kizima, zinazofuata zinasema mwanga unabadilika vipi ndani yake, kuanzia mabadiliko ya taratibu mpaka vile vitu vidogo vidogo kama nyuzi za nywele au nakshi za kitenge.

Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Kinachoua ni hatua ya pili, ambapo kila namba inagawanywa kwa kigawanyo fulani kisha inachukuliwa namba kamili ya karibu. Tuchukue hesabu nyepesi. Una ukuta wa ukumbi, kipande kimoja wastani wake 101, cha pembeni yake 99, tofauti ni 2 tu, jicho halioni kitu. Kodeki imebanwa sana inagawanya kwa 8: 101 kwa 8 ni 12.6, inaandikwa 13. 99 kwa 8 ni 12.4, inaandikwa 12. Siku ya kucheza inazidisha kurudi, 13 mara 8 ni 104, 12 mara 8 ni 96. Ile tofauti ya 2 imekuwa 8! Na kwa sababu zile namba za mabadiliko madogo zilikuwa ndogo zimeangukia sifuri zote, ndani ya kila kipande hakuna mteremko wowote wa mwanga, ni rangi moja bapa. Bapa ya 104 imekaa ubavuni mwa bapa ya 96, mpaka wao umenyooka kabisa. Hilo ndo boksi lako. Hakuna programu duniani itakayojua kwamba mwanzo zilikuwa 101 na 99, ile habari imeshatupwa, kwa hiyo mtu akikwambia "anairudisha kama ilivokuwa" ujue anauza maneno.

Kwa nini ibanwe hivo? VCD ya PAL (mfumo wa tivii) ni 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde. Ukiiacha bila kubana, pamoja na ule upunguzaji wa rangi ambao unafanyika kila mahali, inakula kama megabiti 30 kwa sekunde. VCD imepewa 1.15. Yaani imekamuliwa karibu mara 26, na kwa kodeki iliyotoka mwaka 1993.

Sasa ukikamua hivo, mkanda wenye utulivu unavumilia. MC kasimama na maiki, ukuta hausogei, kodeki inaandika fremu kamili moja halafu zinazofuata inaandika tofauti tu, na tofauti ni mdomo wa MC na mkono. Lakini njoo kwenye ngoma. Kinamama wa Kigogo wanapiga muheme uwanjani, mchana wa mwezi wa tisa, ardhi kavu, miguu inapiga chini vumbi linapanda mpaka kiunoni, kila chembe ya vumbi inaenda upande wake, shanga zinaruka, nguo zinaruka, na kamera nayo mshikaji anaizungusha maana anataka kumpata kila mtu. Kwa kodeki hiyo ni balaa. Hakuna kitu cha kukopi kutoka fremu iliyopita, vumbi la sasa hivi sio vumbi la robo sekunde iliyopita, na bajeti ni ileile 1.15. Inachofanya inaongeza kigawanyo, badala ya 8 inagawanya kwa 30 huko, na vumbi zima linageuka sakafu ya vigae. Ndo maana mkanda mmoja unaweza kuwa safi kwenye risala na mchafu kwenye ngoma, wala sio kwamba mshikaji kamera alilewa. Kanda ya kati hii tunachukua video kwenye mazingira ambayo kodeki inayachukia.

Haya, kukonvati. Programu yoyote ya kukonvati inafanya kazi mbili: inafungua video ya zamani mpaka inakuwa pikseli tupu, halafu kodeki mpya inazibana upya. Kodeki mpya haina kumbukumbu. Haijui kwamba ile mistari iliyonyooka kila baada ya pikseli 8 ni takataka ya kodeki iliyopita, inaona mstari mkali inasema huu ni undani wa picha, lazima niutunze. Na mstari mkali ni kati ya vitu ghali sana kwenye DCT. Kwa hiyo inachota biti nyingi kutunza maboksi, uso wa bibi harusi unabaki na makombo. Ni sawa na kupiga fotokopi ya fotokopi pale steshenari, mashine inakopi na alama za vumbi za ile nakala ya kwanza kwa uaminifu kabisa, halafu inaweka na zake.

Inakuwa mbaya zaidi kama umebadilisha ukubwa. Ukitoka 352 kwenda tuseme 1280, kile kipande cha pikseli 8 sasa kina upana wa pikseli 29 na kidogo, haziingii kwenye gridi (mpangilio wa vipande) ya kodeki mpya hata kwa bahati. Mstari wa zamani unaangukia katikati ya kipande kipya, ukibanwa unatoa vivuli vya mawimbi pembeni yake, na una maboksi ya aina mbili kwenye fremu moja. Zile muvi zilizotafsiriwa zinazozunguka kwenye flashi zimepitia huko mara nyingi tu, huyu katoa kwenye DVD, yule kaweka sauti yake akabana, mwingine kapunguza ziingie nyingi kwenye memori kadi, kila mtu kaacha alama zake.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujafungua programu: hivi kuna ulazima wa kubana upya? Mara nyingi hakuna. MKV, MP4, MOV ni mifuko tu, kilichomo ndani kinaweza kuwa kodeki ileile ya H.264. Kama mteja ana MKV na tivii yake inataka MP4, unahamisha mfuko bila kugusa picha, kwa ffmpeg, programu ya kukonvati inayotumia amri za kuandika:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Inachukua sekunde chache, hakuna pikseli hata moja inayobadilika, na ukiona programu inachukua nusu saa kwenye kazi ya namna hii ujue inabana upya bila kukuambia. Binafsi naona hii peke yake ingeokoa nusu ya video zinazoharibiwa mjini hapa.

VCD ndo haiponi kwa njia hiyo, maana simu nyingi hazijui MPEG-1, lazima ibanwe upya. Hapo sasa mpangilio wa kazi ndo kila kitu. Unasafisha maboksi kwanza, video ikiwa kwenye ukubwa wake wa asili, ndo unakata pembeni kama unakata, unapunguza chenga, unakuza, mwisho unabana. Sababu ni kwamba filta ya kuondoa maboksi inajua pa kupita, inaangalia kila pikseli ya 8, inalinganisha kulia na kushoto, ikikuta tofauti ndogo inasema hili ni boksi inalainisha, ikikuta tofauti kubwa inaacha maana huo utakuwa ukingo wa kweli, ukingo wa shati au meza. Ukishakata pikseli 5 juu au ukishakuza, gridi imehama na filta inapita hewani, inalainisha pasipo na shida na penye shida inaacha. Nimeona watu wengi tu wanakuza kwanza "ili ionekane vizuri" ndo wanasafisha, halafu wanalaumu filta.

Kwenye CD ya VCD fungua folda ya MPEGAV, mle ndani kuna faili kama AVSEQ01.DAT, hiyo ndo video yenyewe. Ikopi kwenye diski kwanza, usifanyie kazi moja kwa moja kutoka kwenye CD. Halafu:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vf "deblock=filter=strong:block=8,hqdn3d=2,scale=768:576:flags=lanczos,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -aq-mode 3 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Soma kutoka kushoto utaona mpangilio ni uleule niliosema. Deblock inapita kwenye gridi ya 8, hqdn3d inapunguza chenga kidogo (mikanda mingi ilitoka VHS kwenda VCD, kwa hiyo ina chenga za VHS ambazo nazo zinakula biti), scale inakuza na kurudisha umbo la 4 kwa 3 ili watu wasionekane wamebanwa. Kama inaishia kwenye simu tu achana na kukuza kabisa. Ukipewa video ambayo mtu mwingine alishaikuza mara mbili kamili, 704 kwa 576, basi boksi limekuwa pikseli 16 na unaandika block=16. Ikiwa ilikuzwa kwa namba za ajabu, hapo filta ya gridi haikusaidii sana, tafuta chanzo.

DVD ina jambo lake la ziada, picha nyingi zimechukuliwa kwa mistari ya kupishana, ukisimamisha penye mwendo unaona mistari mistari ya mlalo. Weka bwdif, filta ya kuondoa mistari hiyo, mwanzo kabisa kabla ya deblock, haibadilishi ukubwa kwa hiyo gridi inabaki palepale.

Kuna kitu kitakusumbua: baada ya deblock bado utaona maboksi yanayoelea, hasa kwenye zile sehemu za ngoma. Hayo hayako kwenye gridi. Kumbuka fremu za tofauti zinakopi vipande kutoka fremu iliyopita na kuvisogeza kufuata mwendo, sasa kama kipande kilichokopiwa kilikuwa na mstari wa boksi, mstari nao umesogezwa pikseli tatu kulia, mbili chini, uko katikati ya kipande kipya. Kwa hayo kuna filta inaitwa spp, ambayo akili yake naipenda sana: inaibana picha na kuifungua mara nyingi, kila mara imeisogeza gridi kidogo, halafu inachukua wastani wa majibu yote. Kitu cha kweli kinajitokeza kwenye majibu yote, mstari wa boksi unajitokeza kwenye machache unafifia. Ubora wake unaenda mpaka 6, ila kila ukipanda ngazi moja spidi inashuka karibu nusu, na kwenye laptopu ya kawaida ukiweka spp=6 kwa mkanda wa saa moja nenda kalale. Ukiitumia, ikae pale ilipokuwa deblock, usiweke zote mbili.

Upande wa kubana, kosa kubwa ni kumwambia programu "nataka faili la MB 100". Hapo umeirudisha kulekule kwenye bajeti ya VCD, ngoma ikifika inagawanya kwa 30. CRF (ile -crf kwenye amri) inafanya kinyume, unachagua ubora na faili linakuwa kubwa kadiri linavohitaji. Kwa x264, ile libx264 inayobana H.264, kawaida yake ni 23, namba ikishuka ubora unapanda, kwa video chafu ya zamani mimi ningekaa 18. Msishangae MP4 ikitoka kubwa kuliko ile DAT! Watu wanadhani kodeki mpya lazima itoe faili dogo, lakini hapa inabana picha iliyokuzwa yenye uchafu wa miaka 20, na huo uchafu una gharama. Ile aq-mode 3 inapeleka biti zaidi kwenye giza, maana maboksi yanapenda sana kona za ukumbi zenye mwanga hafifu na suti nyeusi. H.264 yenyewe, iliyotoka 2003, ina filta ya maboksi ndani yake, inasafisha kila fremu kabla haijatumika kutengeneza inayofuata. MPEG-1 na MPEG-2 hazikuwa nayo. Hiyo filta usiizime hata ukikuta mtu anasema inapunguza ukali. Na ukibana kwa kadi ya picha (GPU) badala ya prosesa unapata spidi, ila kwa bitireti (biti kwa sekunde) ileile ubora mara nyingi uko chini, kazi ya kumbukumbu ya familia acha prosesa ihangaike.

Wasiopenda kuandika amri, programu ya HandBrake inatosha. Nenda sehemu ya filta, Deblock iko imezimwa, iwashe kwenye Light au Medium, RF (ndo CRF ya huko) weka 18 mpaka 20, mpangilio wa filta inajipangia yenyewe.

Kuna maboksi ambayo haya yote hayayagusi. Mama mmoja wa Mpwapwa alimletea fundi CD yenye mikwaruzo, ikifika kwenye kukata keki picha inaganda, inatoa maboksi makubwa ya kijani na zambarau yanajivuta mpaka baada ya muda kidogo picha inarudi.

"Mwanangu, si uliniambia una dawa ya maboksi?"

"Ninayo mama, ila haya sio yale. Haya ni data imepotea kabisa, CD haisomeki hapo."

Ndo hivo. Ni ugonjwa uleule unaouona kwenye king'amuzi cha dishi mvua ya Disemba ikikolea: biti hazijafika, kodeki inakisia, na kosa linasambaa mpaka fremu kamili nyingine ije. Filta ya kulainisha haiwezi kulainisha kitu ambacho hakipo. Kwa CD unajaribu kuisafisha, kuisoma kwa drivu nyingine, au unatafuta nakala ya pili kwa ndugu, na mara nyingi ipo maana CD za harusi ziligawiwa kwa wazazi wa pande zote.

Hizi programu mpya za akili bandia za kukuza picha nazo zina watu wake. Zinatoa picha kali kweli, ila zinachojaza ni kubuni, na usoni ndo zinabuni zaidi. Babu aliyefariki anarudi na meno ambayo hakuwa nayo. Mteja akitaka mpe, ila mpe na ile ya kawaida.

Ukimaliza usiitume WhatsApp kama video, inabanwa upya na kazi yote imeenda, itume kama dokyumenti. YouTube nayo inabana upya kila kitu, kwa hiyo wapelekee faili nono, wao wenyewe kwa 1080p ya kawaida wanashauri megabiti 8 kwa sekunde, ukiwapa iliyokondeana wanaikondesha zaidi.

Na kabla hujaachia mkanda mzima ubanwe usiku kucha halafu umeme ukatike saa tisa, kata kipande. Weka -ss 00:12:00 -t 20 kabla ya -i, chagua sekunde 20 za ngoma yenye vumbi sio za risala, toa matoleo mawili, moja filter=strong moja filter=weak, yaangalie kwenye tivii ileile ya mteja. Usiangalie ukuta, ukuta utakuwa mzuri kote kote. Angalia nywele, nakshi za kitenge, kamba za zeze. Kama kitenge kimegeuka rangi moja umelainisha kupita kiasi, rudi weak na uvumilie maboksi mawili matatu kwenye vumbi.